Uamuzi wa Dakika ya Mwisho

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema, Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye kupenda kutulia hupata methali ya kumtetea, na mwenye kupenda kuthubutu naye hupata yake. Tukiulizwa ni ipi iliyo ya kweli, twajibu kwamba zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina saa yake. Methali hatuzikosi. Tunachokosa mara nyingi ni kuitambua saa.

Leo twapenda kuitazama shida hiyo kwa njia ya mchezo ambao wengi wa wasomaji wetu hawajapata kuuona kwa macho yao, yaani futiboli ya Kimarekani. Pengine msomaji atashangaa kwa nini twende mbali hivyo, na hali mpira wetu wa miguu u mlangoni petu. Sababu yetu ni hii: katika mchezo huo, kuliko mingine tunayoifahamu, shauri la kuthubutu au kutothubutu huwekwa wazi mbele ya macho ya watu wote. Mtu mmoja hulazimika kuchagua, saa inahesabiwa, na jawabu hupatikana papo hapo. Mambo ambayo katika maisha yetu huchukua miaka kumi kujulikana, huko hujulikana kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili.

Kwanza yafaa tueleze kwa ufupi namna unavyochezwa. Timu mbili, kila moja yenye wachezaji 11 uwanjani, hushindana katika uwanja wa yadi 100. Mpira wenyewe si wa duara, bali umechongoka ncha mbili; hushikwa mikononi, hukimbizwa au hurushwa. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isogee mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Isipofaulu, mpira huwa wa wapinzani pale pale ulipoishia. Kwa hiyo lifikapo jaribio la nne, desturi ni kuupiga mpira teke uende mbali, ili wapinzani waanze safari yao kutoka nyuma. Au, ikiwa milingoti i karibu, kuupitisha katikati yake kwa teke na kujipatia pointi 3. Timu inayouvusha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho hupata pointi 6, kisha hupewa nafasi ya kujiongezea. Ikitaka, hupiga teke la pointi 1, jambo lililo rahisi. Ikitaka, hujaribu kuuvusha mpira tena kutoka yadi chache na kupata pointi 2, jambo lililo gumu.

Basi, msomaji aweza kuona mwenyewe penye kiini cha mchezo. Mwalimu wa timu husimama kando ya uwanja, saa ikikaribia kwisha, naye ana njia mbili mbele yake. Moja ni ya salama, nayo yaleta kidogo. Nyingine ni ya hatari, nayo yaweza kuleta yote au kupoteza yote. Maelfu ya watu husimama vitini mwao. Mioyo hudunda. Hata mtu asiyeijua timu yo yote kati ya hizo mbili hujikuta ameshika pumzi. Kwa nini? Na msisimko huo watufundisha nini juu ya uamuzi ulio mwema? Hilo ndilo swali letu, nasi twataka kulijibu kwa kusimulia michezo michache iliyochezwa kweli.

Tarehe 2 Januari, 1984, usiku, mjini Miami, timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilikutana na timu ya Chuo Kikuu cha Miami katika mchezo uitwao Orange Bowl. Nebraska ilikuwa imeshinda michezo yote 12 ya msimu ule, tena kwa wastani wa pointi 52 kila mchezo. Siku zile vyuo vikuu havikuwa na fainali ya ubingwa wa taifa. Bingwa alichaguliwa kwa kura za waandishi wa habari na za walimu wa timu. Mapema siku ile ile, Texas, timu iliyokuwa ya pili kwa sifa, ilifungwa na Georgia kwa pointi 10 kwa 9. Kwa hiyo Nebraska haikuwa na haja ya kushinda. Karibu watu wote waliamini ya kuwa hata sare ingetosha kuivika taji.

Miami ilitangulia kwa pointi 17 bila kitu. Nebraska ikasawazisha. Miami ikatoka tena mpaka 31 kwa 17. Mike Rozier, ambaye msimu ule alipewa tuzo ya Heisman kwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote, aliumia akatoka uwanjani. Hata hivyo vijana wa Nebraska hawakukata tamaa. Walipunguza deni lao hadi 31 kwa 24, na zikiwa zimesalia sekunde 48, kwa jaribio la nne, Jeff Smith, aliyeshika nafasi ya Rozier, akakimbia yadi 24 na kuvuka mstari. Sasa ilikuwa 31 kwa 30.

Hapo macho yote yakamgeukia mwalimu Tom Osborne. Alikuwa ameiongoza Nebraska tangu 1973, misimu 11, na ubingwa wa taifa hakuwa ameupata hata mara moja. Teke moja jepesi, na sare ingepatikana, na taji pamoja nayo. Osborne hakuita mpiga teke. Aliamuru vijana wake wajaribu pointi 2. Turner Gill akaurusha mpira kwa Smith. Ken Calhoun wa Miami akanyosha mkono, vidole vyake vikaugusa mpira, nao ukapotoka na kuanguka. Nebraska ikashindwa kwa pointi moja, na Miami ikatangazwa bingwa wa taifa. Osborne alieleza baadaye kwamba haikuwafaa kutafuta sare. Walikwenda kutafuta ushindi. Watu wengi, hata miongoni mwa wale waliohuzunika, walimsifu, na sifa hiyo ingali inasimuliwa mpaka leo.

Sasa turudi nyuma miaka 17 na ushei. Tarehe 19 Novemba, 1966, mjini East Lansing, timu ya Notre Dame ilikutana na timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Wasomaji wetu huenda wamelisikia jina la Notre Dame, kwa kuwa ni chuo kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Timu hizo mbili zilikuwa za kwanza na za pili katika nchi nzima, wala hapana iliyokuwa imeshindwa msimu ule. Watu zaidi ya 80,000 walijaa uwanjani.

Notre Dame ilipata taabu tangu mwanzo. Nick Eddy, mkimbiaji wake hodari, aliteleza kwenye ngazi za gari moshi alipofika mjini, akajiumiza bega asicheze. Terry Hanratty, mrushaji wake, aliumizwa mapema na kutolewa. Mahali pake palichukuliwa na Coley O'Brien, kijana ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Michigan ikatangulia kwa 10 bila kitu. Pole pole Notre Dame ikasawazisha, 10 kwa 10. Kisha, ikiwa imebaki kidogo kupita dakika moja, Notre Dame ilipata mpira ikiwa bado mbali na mstari wa wapinzani. Mwalimu Ara Parseghian angeweza kuwaamuru vijana wake waurushe mpira mbali, kwa kubahatisha. Hakufanya hivyo. Karibu kila mara aliwaamuru wakimbie nao taratibu, wausogeze kidogo kidogo, mpaka saa ikaisha. Mchezo ukawa sare.

Parseghian alitukanwa. Wachezaji wa Michigan waliwadhihaki wenzao pale pale uwanjani, na magazeti yakaendeleza dhihaka hiyo kwa muda mrefu. Yeye alieleza kwamba vijana wake walikuwa wamepigana kwa shida kuu ili kurudi kutoka nyuma, wala hakutaka kuitupa kazi yao ovyo kwa kosa moja. Juma lililofuata Notre Dame iliishinda timu ya Chuo Kikuu cha Southern California kwa pointi 51 bila kitu, na kura zikaipa ubingwa wa taifa.

Tazameni basi ajabu ya hukumu za wanadamu. Mmoja alithubutu akapoteza taji, naye akasifiwa. Mwingine alijizuia akapata taji, naye akachekwa. Mtu angeweza kudhani kwamba dunia haitazami matokeo hata kidogo, bali yapenda ushujaa tu. Laiti ingekuwa hivyo! Lakini sivyo, na michezo mingine miwili yatuonyesha.

Tarehe 15 Novemba, 2009, timu ya New England, chini ya mwalimu Bill Belichick, ilikuwa inaiongoza timu ya Indianapolis kwa pointi 34 kwa 28, zikiwa zimesalia dakika 2 na sekunde chache. New England ilikuwa na mpira katika yadi ya 28 ya upande wake yenyewe, kwa jaribio la nne, na yadi 2 za kusogea. Desturi yasema: piga teke, uwapeleke wapinzani mbali. Belichick aliwaza kwamba Peyton Manning, mrushaji wa Indianapolis, alikuwa hodari mno hata umbali usingemzuia. Afadhali kutafuta yadi 2 hizo na kuumaliza mchezo. Mchezaji wake Kevin Faulk aliudaka mpira, lakini waamuzi wakasema hakuifikia alama. Indianapolis ikapata mpira karibu, ikafunga, ikashinda kwa 35 kwa 34. Kesho yake Belichick aliitwa mwenye kiburi, na wengine wakasema amerukwa na akili.

Tarehe 4 Februari, 2018, Belichick yule yule alikutana na timu ya Philadelphia katika fainali kuu iitwayo Super Bowl. Safari hii aliyekuwa na jaribio la nne ni mwalimu wa Philadelphia, Doug Pederson. Timu yake ilikuwa nyuma kwa 33 kwa 32, zikiwa zimesalia dakika 5 na ushei, nayo ilikuwa bado katika nusu yake ya uwanja, ikihitaji yadi 1. Pederson hakupiga teke. Nick Foles akaurusha mpira kwa Zach Ertz, zikapatikana yadi 2, safari ikaendelea, na mwishowe Philadelphia ikashinda kwa 41 kwa 33. Pederson akaitwa shujaa. Nje ya uwanja wa timu yake ikasimamishwa sanamu yake akishauriana na Foles juu ya jaribio jingine la nne la siku ile ile.

Twakiri kwamba hali hizo mbili hazikulingana kila kitu. Mmoja alikuwa mbele na mwenzake alikuwa nyuma. Lakini fikra zao zilikuwa za namna moja: kila mmoja alipima uwezo wa mpinzani wake, akaona kwamba kumpa mpira kwa njia ya salama ni hatari kuliko kuthubutu. Yadi moja ndiyo iliyomtenga mwenye kiburi na shujaa. Kama Faulk angeipata, na kama Ertz angeuangusha mpira, majina hayo yangebadilishana wenyewe.

Hapa twafika penye neno ambalo twataka kulisema kwa nguvu. Kumhukumu mtu kwa yale tu yaliyotokea baada ya uamuzi wake ni dhuluma. Mtu huamua leo, na matokeo huja kesho. Kati ya leo na kesho yapo mambo asiyoweza kuyatawala: kidole cha Calhoun, jicho la mwamuzi, upepo, mguu ulioteleza. Wema wa uamuzi hauna budi kupimwa pale ulipofanywa, kwa mwanga uliokuwapo saa ile.

Dhuluma hiyo haiko katika viwanja vya Marekani peke yake. I katika nyumba zetu. Mzazi mmoja huuza ng'ombe wake wa pekee ili amlipie mwanawe karo. Mtoto aanguka mtihani. Jamaa zake husema, Mjinga yule, amekosa ng'ombe na amekosa elimu. Jirani yake aliuza ng'ombe vile vile, mtoto akafaulu, naye huitwa mtu mwenye kuona mbali. Ni nini alichokiona huyu ambacho mwenzake hakukiona? Hakuna. Mke na mume hukubali mgonjwa wao afanyiwe operesheni kama walivyoshauriwa na waganga wenye ujuzi. Mgonjwa akifa, watu wa ukoo huwatazama kana kwamba wamemwua. Mzigo huo wa lawama, juu ya mzigo wa msiba, ni mzito kupita kiasi, nasi huwatwika wenzetu bila kufikiri.

Lakini msomaji mwangalifu atatuuliza: Je, mwataka kusema kwamba matokeo hayana maana? La hasha. Matokeo ni mwalimu. Mara nyingine huonyesha kwamba tulijua kidogo, au hatukuuliza, au tulidharau shauri. Mtu aliyepeleka fedha za watoto wake katika biashara asiyoijua, bila kuchunguza, kisha akapoteza zote, hawezi kujitetea kwa kusema, Nilithubutu. Kosa lake halikuwa kushindwa. Lilikuwa hapo kabla, alipokataa kufikiri. Na hata kama angefaulu, kosa lingekuwa lile lile, ila lingefichwa na bahati. Ndiyo maana twasema kwamba atupaswaye kumchunguza ni yule aliyeamua, jinsi alivyoamua, kabla ya kuangalia kilichompata.

Tumchunguze kwa nini basi? Twaona maswali matatu yatosha. La kwanza: Alijua nini, na je, alifanya bidii kujua? La pili: Alichokiweka hatarini kilikuwa cha nani? La tatu: Ni kitu gani kilichomsukuma?

Swali la pili husahauliwa sana, na kumbe ndilo zito. Mtu ana haki kubwa ya kuthubutu kwa kilicho chake. Kwa kilicho cha wengine haki yake ni ndogo, na lazima awe ni mwenye dhamana juu yao, tena afanye kwa ajili ya faida yao, si kwa sifa yake. Mwalimu wa timu hachezi yeye. Huchezesha jasho la vijana. Baba wa nyumba hali kadhalika: kila shilingi anayoiweka hatarini ina midomo nyuma yake.

Na swali la tatu humpata mwoga kama linavyompata mpenda hatari. Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuchagua salama hana haja ya kujieleza. Mwaka 2006 mchumi mmoja wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Romer, alichapisha uchunguzi wake juu ya majaribio ya nne katika futiboli ya kulipwa. Alikuta kwamba timu zilipiga teke mara nyingi zaidi kuliko hesabu zilivyoshauri. Sababu moja inayotajwa sana ni rahisi kufahamika: mwalimu akishindwa kwa njia ya desturi, hapana amlaumuye, akishindwa kwa njia isiyo ya desturi, huenda akafukuzwa kazi. Kumbe, salama iliyotafutwa haikuwa salama ya timu, bali ya mwalimu mwenyewe. Tangu siku zile timu nyingi zimejifunza hesabu hizo, na majaribio ya nne yamekuwa mengi zaidi. Lakini somo labaki: tahadhari nayo yaweza kuwa ubinafsi uliovaa joho la busara.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoeleza fadhila ya ushujaa, alisema kwamba kazi yake ni mbili: kuuzuia woga, na kuuwekea kiasi ujasiri. Twaona kwamba neno hilo lafaa sana hapa. Mwoga na mpenda hatari ni ndugu. Wote wawili wametawaliwa na hisia zao. Mmoja hutawaliwa na hofu, na mwingine na ule mdundo wa moyo ambao huuona mtamu. Shujaa husikia hofu na husikia mdundo, kisha huvinyamazisha vyote viwili mpaka akili yake imalize kusema.

Tuwapime sasa Osborne na Parseghian kwa maswali hayo. Osborne alijua hatari yake barabara; ilikuwa wazi kuliko jua la mchana. Aliyekuwa na mengi ya kupoteza ni yeye mwenyewe, aliyelingoja taji hilo misimu 11. Kilichomsukuma kilikuwa wazo kwamba mchezo huchezwa ili ushindwe au ushinde, na kwamba taji la kujipatia kwa kukwepa si taji. Parseghian naye alijua hali yake: vijana waliochoka, majeruhi wengi, na umbali mkubwa wa kusogea. Alichokilinda kilikuwa kazi ya wengine, kazi iliyopatikana kwa uchungu. Alifahamu kwamba atachekwa, naye akakubali kuchekwa. Wahenga walisema, Heri nusu shari kuliko shari kamili. Sisi hatuoni kwamba mmoja alikuwa shujaa na mwingine mwoga. Twaona watu wawili waliokataa kuziacha kelele za watazamaji ziwaamulie.

Kelele hizo ndizo tunazopaswa kuzitazama mwisho, kwa kuwa ni zetu. Msisimko wa dakika ya mwisho si kitu kibaya. Moyo wetu hudunda kwa sababu twaona mbele yetu mtu aliye huru kweli, asiyeweza tena kujificha nyuma ya desturi wala nyuma ya mwenzake. Twajua kwamba saa kama hiyo itatufikia na sisi. Kwa hiyo kuutazama mchezo namna hiyo kwaweza hata kumfaa mtu.

Lakini msisimko huo una hila yake. Mtazamaji apigaye kelele, Thubutu! hapotezi kitu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ikifaulu, furaha ni yake. Isipofaulu, lawama ni ya mwingine, na mtazamaji huenda nyumbani kwake kula. Ndiyo maana watu walimcheka Parseghian: aliwanyima utamu ambao wangeupata kwa gharama ya vijana wake. Raha ya mtu asiyelipa gharama haiwezi kuwa mizani ya kumpimia anayelipa.

Wako wengine wanaosema kwamba nao wataka kulipa, na kwa hiyo huweka dau. Huko Marekani, baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi ile ya mwezi Mei, 2018, majimbo yakawa na uhuru wa kuhalalisha kamari ya michezo, na mengi yamefanya hivyo. Hapa kwetu nako vijana hubeti kwa simu zao, hata usiku wa manane, juu ya timu wasizopata kuziona. Hudhani kwamba wanashiriki ujasiri wa uwanjani. Wanajidanganya. Mwalimu akiisha kukata shauri bado ana kazi, na wachezaji wake wana kazi: kukimbia, kusukuma, kudaka. Aliyeweka dau hana la kufanya ila kungoja. Na yale maswali matatu yanamshinda: hajui, hakutaka kujua, alichokiweka mara nyingi ni unga na karo ya nyumba yake, na kilichomsukuma ni ule mdundo wa moyo, basi. Ameununua msisimko bila ushujaa, kama mtu anunuaye ganda akaiacha chungwa.

Tumalize kwa kumrudia Tom Osborne. Tarehe 1 Januari, 1995, katika uwanja ule ule wa Miami, dhidi ya timu ile ile ya Miami, Nebraska ilishinda kwa pointi 24 kwa 17, naye akaupata ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza. Akaupata tena msimu uliofuata, na tena msimu wa 1997. Na tangu 1996 vyuo vikuu huongeza muda mpaka mshindi apatikane, kwa hiyo sare ile aliyoikataa haipo tena katika mchezo huo. Yatuvuta sana kusema kwamba hayo yalikuwa malipo ya uamuzi wake wa 1984. Lakini tukisema hivyo tutakuwa tumelirudia kosa lile tulilolikemea. Kama asingeupata ubingwa hata siku moja mpaka kustaafu kwake, uamuzi wake ungebaki vile vile ulivyokuwa zile sekunde 48 zilipobaki: uamuzi wa mtu aliyejua, aliyekuwa na haki ya kuamua, na asiyejitafutia salama yake mwenyewe.

Basi, enyi wazazi na vijana msomao gazeti hili, twawaomba jambo moja dogo. Mmoja wenu akiwa amefikiri vema, ameuliza, ameweka kilicho chake, kisha ameshindwa, naye akarudi nyumbani jioni ameinamisha kichwa, msimpokee kwa neno lile jepesi, Tulikuambia. Mwulizeni alichokijua na alichokikusudia. Mkikuta kwamba aliamua kwa haki, mwambieni hivyo waziwazi, watoto wakisikia, kisha mmpakulie chakula chake kikiwa bado cha moto.